Siku Utafiti Wangu Uliponywewa kwa Mirija

Mimi hii maneno huwa sipendi kuiongea, na mkiniona nikicheka mjue ni kicheko cha kujikaza, kwa sababu sijui mtu mwingine ameaibika mbele ya mamake, mbele ya walimu wake na mbele ya naibu wa chifu, wote kwa wakati mmoja, halafu akaambiwa ati asimame vizuri apigwe picha. Lakini nyinyi ni watu wangu, na najua mmeshasikia nusunusu kutoka kwa watu wa chuo chetu cha Kibabii ambao wanaisimulia vibaya (kuna mmoja anasema ati nilikuwa nimelewa, mimi ambaye hata soda ya tangawizi inanipanda kichwani), kwa hivyo wacha niwaambie mwenyewe, mcheke mmalize, tusirudie tena.

Kwanza mjue nilikuwa nafanya nini huko Bungoma. Nilikuwa nasomea shahada ya pili, mambo ya mimea, na utafiti wangu ulikuwa hivi: kuna udongo umeharibika kwa madini mazito, ile sumu inayotoka kwa betri za magari na vyuma kuukuu, na ukipanda kitu hapo kinatoka kimedumaa, majani ya manjano, mizizi mifupi kama imekatwa na makasi. Sasa kuna njia ya kuamsha mbegu kabla hujaipanda. Unailoweka masaa machache kwa maji yaliyokamuliwa majani ya moringa, halafu unaitoa na kuianika kivulini ikauke tena kabla haijatoa mzizi. Hapo kabla haijatoa mzizi ndio kila kitu, tafadhali mshike hapo. Mbegu inakuwa imeamka ndani lakini kwa nje bado iko vile ilivyokuwa, na ukiiweka kwa ule udongo mbaya inavumilia kuliko mwenzake ambaye hakuguswa. Hiyo tu. Mmeona imenichukua muda gani kuwaeleza? Muda wa kumenya viazi viwili, na bado nimevuta pumzi katikati.

Shamba nililopewa la kufanyia hayo majaribio lilikuwa la mama mmoja mzee anaitwa Naliaka, ambaye sisi wote tulikuwa tunamwita Kukhu, yaani nyanya. Nilikuwa pia nimepanga chumba kwake, kwa hiyo nilikuwa mpangaji wake, mjukuu wake na mtafiti wake. Marehemu mzee wake alitengeneza betri za magari pale kando ya barabara miaka na miaka, na yale maji ya betri alikuwa anamwaga hapo nyuma, na tangu hapo kile kipande kilikataa kabisa, ukipanda mahindi yanakuwa kimo cha goti yanasimama. Kukhu alikuwa anasema udongo umechoka. Mimi nikamwambia nakuja kuupima na kupanda kitu hapo, akafurahi, akanipa.

Sasa shida ilikuwa kwamba hiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho. Msimu uliotangulia nilipanda vizuri, nikaweka vibandiko, nikapima na kamba, halafu mbuzi wa jirani wakaingia wakala utafiti wote pamoja na vibandiko. Msimamizi wangu, Daktari Wafula, ni mtu ambaye hapigi kelele (heri angekuwa anapiga), aliniita ofisini akaniambia kwa ile sauti yake ya chini kwamba idara imechoka na mimi, na kama msimu huu hawataona mbegu zikiingia kwa udongo mbele ya macho yao, wafunge faili yangu niende nyumbani. Na nyumbani ni Kachibora, kwa mama yangu, ambaye alikuwa ameshatangazia kanisa lote kwamba binti yake anatengeneza dawa ya mashamba. Mimi kurudi kule bila shahada, nikae mstari wa mbele Jumapili kila mtu akiniangalia shingo, hapana.

Kwa hivyo nikajipanga. Mbegu nilipewa na stoo ya chuo, wimbi, yaani ulezi, ya aina moja wanayoitunza wenyewe, na nikaambiwa wazi kwamba hiyo ndiyo iliyobaki, hakuna kurudi kuomba nyingine. Nikaigawanya mara mbili. Nusu nikaiacha kavu kwa mfuko wake, ndio nitalinganisha nayo. Nusu nikailoweka kwa maji ya moringa, nikakaa hapo nikiiangalia kama mtu anayechemsha maziwa, muda ukafika nikaitoa, nikaitandaza juu ya turubai nyuma ya jiko la Kukhu, kivulini. Ilikuwa nyingi kidogo, kwa sababu nilitaka siku ya kupanda kila mkulima atakayekuja apewe yake kwa kiganja aende akajaribu.

Siku hiyohiyo mama akapiga simu kutoka Kachibora ati trekta imekuja, watu wote wa nyumba wanahitajika shambani, hata wale wamesoma. Nikaona sawa, mbegu itakauka hapo taratibu, siku ya wageni bado, niende nisaidie nirudi. Niko na begi begani, mtu wa boda anapiga honi kwa geti, ndipo Kukhu akatoka jikoni akasimama juu ya turubai yangu, mikono kiunoni, akaniuliza hii wimbi nimeloweka ni ya nini.

Hapa ndipo nilipojimaliza. Nilifungua mdomo nimweleze, nikaona ile safari yote mbele yangu, udongo, betri, madini, mizizi, moringa, na yule wa boda ameshaanza kuzungusha pikipiki kama anaenda, nikajiambia nitamweleza nikirudi.

"Ni ya wageni, Kukhu," nikasema.

Na haikuwa uongo. Kukhu akaangalia ile wimbi, akaniangalia mimi, akatabasamu vizuri sana, akaniambia nisalimie mama. Nikapanda boda nikaenda zangu.

Sasa, wale mmekulia Bungoma mmeshaanza kucheka, naona. Lakini mimi ni mtoto wa Wakikuyu wa Trans-Nzoia, kwetu tumelelewa na chai na uji, ningejulia wapi. Huko kwa Kukhu, wimbi iliyoloweshwa maji na kuanikwa kwa turubai nyuma ya jiko ina kazi moja tu duniani, nayo ni kimera, ile nafaka inayooteshwa, na kimera ni cha busaa, pombe yao ya mtungini. Hakuna mtu huloweka wimbi kwa sababu nyingine. Mtoto mdogo anajua. Na ukishasema ni ya wageni, basi hata kuuliza hakuna, wageni wa heshima hawaketishwi hivihivi, nao wazee wa boma wakiwa na midomo mikavu. Kukhu mwenyewe ameokoka, hanywi, lakini wakati wa usichana wake alikuwa anaitwa boma hadi boma kwa sababu ya mkono wake wa kimera, na hiyo sifa haikuisha alipookoka.

Mimi kule Kachibora zaidi ya wiki nikafukia mbegu za mahindi hadi mgongo ukakataa kunyooka. Tukimaliza, mama akasema hatuwezi kupokea watu wa chuo bila bango. Nikamwambia mama, hii ni kupanda wimbi, si harusi. Akasema kama chifu anakuja kuna bango. Tukaenda Kitale, tukaingia kwa kijana mmoja wa kuchapisha mabango pale karibu na stendi, na mama akachukua usukani, akachagua picha yangu ya mahafali ya kwanza (nikiwa na mashavu kama maandazi), akachagua rangi, akachagua maneno: KARIBUNI MUONE NGUVU YA MBEGU ILIYOLOWEKWA. Mimi nikamwacha achague. Ukibishana na mama yangu Kitale, Kachibora yote inajua kabla ya jioni.

Tukiwa hapohapo kwa duka la mabango Kukhu akapiga simu. Akauliza wageni watakuwa wangapi. Nikamwambia ukijumlisha wakulima na watu wa chuo wanaweza kujaa hema. Akasema basi ile yangu haitatosha, ataongezea. Mimi nikafikiria anaongea mambo ya chai na mandazi, nikamwambia asante sana Kukhu, Mungu akubariki. Akasema hiyo si kitu. Kijana wa mabango alikuwa ananiuliza kama mashavu apunguze, na mimi nikageukia mashavu.

Siku yenyewe ikafika. Mama alikuwa amevaa suti yake ya kanisa, na kitambaa cheupe kichwani, na viatu vya kisigino kwenye matope ya masika, lakini alitembea kama hakuna matope. Tulipofika kwa geti nikaona moshi, nikaona mabati meusi yameegemezwa ukutani, kama kuna kitu kilikuwa kinakaangwa juu yake, na chini ya hema nikaona wazee wamezunguka mtungi mkubwa, kila mmoja na mrija wake mrefu, wametulia kabisa, hakuna anayeongea. Nikafikiria labda kuna msiba kwa jirani na wamekuja kukaa kwetu. Mama hakufikiria hivyo. Alisimama akaniuliza kama hii ndiyo chuo.

Nikamwambia aketi, nikakimbia nyuma ya jiko. Turubai lilikuwa limekunjwa, limefagiliwa, limewekwa pembeni vizuri. Mfuko wa ile wimbi kavu ulikuwa umekung'utwa na kuanikwa kwa kamba. Kukhu akatokea na leso mpya, amefurahi kuniona, nikamuuliza mbegu zangu ziko wapi, na akanieleza kwa upole, kama vile unaeleza mtu ambaye hakufundishwa nyumbani kwao.

"Ulikuwa umeiacha njiani, mwana wangu," akasema. "Haikuwa imemea hata kidogo. Nikairudishia maji, nikaifunika na gunia, ikatoa mizizi vizuri sana."

Nikamuuliza na ile nyingine, ile iliyokuwa kwa mfuko.

"Ile ulisahau kuloweka kabisa. Nikakumalizia."

Nyinyi hebu oneni. Kazi yangu yote ilikuwa ni kuilinda ile mbegu isitoe mzizi, na huyu mama amekaa usiku na mchana akiibembeleza itoe mzizi. Na si nusu, yote. Iliyolowekwa na ya kulinganisha, zote mbili zimemea pamoja, zikakaushwa pamoja, zikasagwa pamoja, zikaingia mtungi mmoja. Hata kama ungenipa mashine kutoka ng'ambo nisingezitenganisha. Na siwezi kumkasirikia, kwa sababu amejiumiza mgongo kwa ajili yangu, mikono imechubuka, na anangoja nimwambie asante. Nikasema asante. Nilisema asante, jamani.

Halafu nikasikia gari la chuo linaingia.

Mtu mwenye akili wakati huo angeenda kwa Daktari Wafula, amvute kando, amwambie mambo yameharibika. Mimi nikafikiria faili, nikafikiria mstari wa mbele kanisani, na badala ya kwenda kwa gari nikapitia ua wa nyuma nikakimbia hadi kwa yule mama anauza nafaka pale njia panda. Nikamwambia anipimie wimbi haraka. Akasema wimbi tupu imeisha, iko tu ile ya uji, ambayo ameshachanganya na mtama na mihogo iliyokauka. Nikachukua hivyohivyo. Nilirudi nikikimbia na kuchambua, mkono mmoja ndani ya mfuko, natoa vipande vya mihogo na kutupa barabarani, na watoto wa shule wakanishangilia kwa sababu walifikiria ni mashindano. Mpango wangu ulikuwa nionyeshe mfuko kwa mbali, niongee, watie sahihi kwamba nimepanda, waende, halafu nitajua vile nitafanya. Mnajua mtu akiwa ameshikwa vile huona kila kitu kinawezekana.

Kufika, nikakuta wazee wametundika bango. Na kwa sababu pale hemani nguzo mbili zilizokaribiana zilikuwa ni pale penye mtungi, wakalitundika juu ya mtungi. Sasa mimi niko pale juu na mashavu yangu na joho, nimetabasamu, KARIBUNI MUONE NGUVU YA MBEGU ILIYOLOWEKWA, na chini yangu wazee wanavuta mirija. Naibu wa chifu alikuwa amegeuza kiti chake kabisa akiangalia ukuta wa jiko, kwa sababu pombe kama hiyo bila leseni ni marufuku, na kama hajaona hakuna kitu kimetendeka. Watu wa idara walikuwa wamekaa wima sana. Mama alikuwa mstari wa mbele, ameshika mkoba mapajani kwa mikono miwili, na ile sura yake ya kuombea mtu.

Nikaanza kuongea. Niliongea vizuri, hata mimi nilijishangaa, nikaeleza madini mazito, nikaeleza mizizi, nikainua ule mfuko juu nikasema mbegu iliyolowekwa ina nguvu kuliko ile ambayo haijalowekwa, na mzee mmoja kutoka kwa mtungi akasema kweli kabisa, na wengine wakaitikia. Daktari Wafula akaandika kitu. Nikaona mwangaza. Nikaona nikiongea dakika chache tena hii kitu inapita.

Lakini naibu wa chifu ni mtu wa taratibu. Akasema, bila kugeuza kiti, kwamba kabla ya kupanda ni vizuri mwenye shamba aseme neno. Kukhu akasimama. Akavuta leso, akashukuru Mungu, akashukuru wageni, akamshukuru mama yangu kwa kuzaa mtoto mwenye heshima. Halafu akaendelea.

"Huyu mtoto alileta wimbi yake mwenyewe kwa ajili yenu," akasema. "Mimi nilimsaidia tu, maana hakujua kumaliza. Yote iko kwa ule mtungi. Karibuni, msione haya."

Kila mtu akaangalia mtungi, akaangalia bango, halafu taratibu wote pamoja wakaangalia mfuko ulio mkononi mwangu. Daktari Wafula akasimama, akaja hadi mbele, akanyoosha mkono nami nikampa mfuko. Aliingiza vidole akachambua kidogo. Akatoa kipande cha muhogo, akakiweka kwa kiganja, akakiangalia pande zote.

"Wambui," akasema kwa ile sauti yake, "hii nayo uliamsha?"

Mtama nao ulikuwa unaanguka anguka chini kwa viatu vyake. Mama alivuta kitambaa hadi kikafunika macho. Halafu Daktari Wafula akashtuka kama mtu amekumbuka kitu, akageukia mtungi, akauliza kwa haraka sasa, kwa sauti ya kawaida ya watu, ile wimbi niliiloweka na nini, na kama mbegu ilikuwa imepakwa dawa. Wazee wote wakasimamisha mirija midomoni. Nikasema hapana, haikuwa na dawa yoyote, ni maji ya majani ya moringa peke yake. Akaniuliza mara ya pili, nikaapa. Akafuta uso. Mzee mmoja akasema ndio maana ina uchungu kwa mbali, lakini si mbaya, na wakaendelea kuvuta. Hapo ndipo watu walipasuka kucheka, hema lote, hata yule naibu wa chifu nikaona mabega yake yanatikisika kule alikoangalia.

Walicheka mimi nikiwa nimesimama hapo mbele. Kuna mama mmoja alilala juu ya mwenzake. Mimi nilitaka udongo ufunguke, hata ule udongo mbaya, nisingejali.

Daktari Wafula hakucheka. Akamgeukia Kukhu, akamuuliza kwa heshima kama kuna mtu alimwambia hiyo wimbi ni ya kupandwa. Kukhu akasema hapana, aliambiwa ni ya wageni. Akamuuliza kama aliambiwa mbona inaanikwa kabla haijamea. Kukhu akasema alifikiria mtoto hajui. Basi yule mwalimu akaniangalia, na akaniambia kitu ambacho mpaka leo nikiwa naosha vyombo nakisikia.

"Utafiti wako ni wa kumfundisha mkulima kuloweka mbegu," akasema. "Na mkulima wa kwanza unalala kwake."

Akanirudishia mfuko. Watu wa idara wakakunja karatasi zao bila sahihi. Na wakati nafikiria aibu imefika mwisho, naibu wa chifu akasema wageni wasiende hivi, tupige picha ya ukumbusho, na tukapangwa chini ya lile bango, Kukhu katikati kwa furaha yake yote, mama na kitambaa, mimi na mfuko wa uji. Hiyo picha iko kwa simu ya kila mtu kutoka Kibabii hadi Kachibora. Msiniulize, najua mko nayo.

Mama alipokuwa anaondoka jioni kurudi Kachibora aliniuliza kitu kimoja tu, kama kanisani aseme nimemaliza au aseme bado. Nikamwambia aseme bado. Akasema sawa, atasema mvua ilichelewa. Mama yangu, ambaye hajawahi kudanganya mchungaji.

Siku iliyofuata nikaenda ofisini kwa Daktari Wafula nikiwa nimeshakunja nguo zangu kwa begi. Akasema kuhusu ule mfuko wa njia panda hataongea mara mbili, ila siku nikirudia kuonyesha mbegu ya uongo ataniondoa yeye mwenyewe kabla idara haijajua. Kuhusu msimu, umeenda. Alikuwa amewaomba watu wa idara wasifunge faili, na wao wamekubali nianze upya mvua ijayo, kutoka kuomba mbegu mpaka kupima udongo, mwaka mzima umemwagika. Lakini kwa sharti. Niende nikae na Kukhu nimweleze kila kitu tangu mwanzo, na siku atakayokuja kukagua hataniuliza mimi, atamuuliza Kukhu.

Nilitoka pale nikinung'unika njia yote. Nikaona ni adhabu ya darasa la nne. Mtu wa shahada ya pili, ati nikae jikoni nieleze nyanya mambo ya madini. Nikafika, nikavuta kigoda, Kukhu alikuwa anachambua mboga ya mrenda kwa ungo, ya chakula cha jioni, nikaanza bila hamu, kama mtoto anasoma mashairi ya kulazimishwa. Nikamwambia udongo wake haujachoka, una sumu. Nikamwambia imetoka kwa betri za mzee, inakaa ardhini, haiondoki na mvua. Nikamwambia mbegu ikiamshwa vizuri inaweza kuota pale bila kudumaa, lakini kuota si kusema inaliwa, kwa sababu mmea unaweza kuvumilia ile sumu na bado ukaivuta ndani ya majani, na ndio maana tulikuwa tupime mazao kwanza. Nikaona anaelewa haraka, anauliza maswali mazuri, kwa muda mfupi tu tulikuwa tumemaliza. Nikafurahi. Nikajiambia kumbe ilikuwa kitu kidogo hivi.

Kukhu alikuwa ameacha kuchambua. Mikono ilikuwa juu ya ungo haisogei. Akaniuliza, yaani hata kitu kimejiotea pale chenyewe, bila kupandwa?

Nikamwambia hata hicho.

Akaangalia ule mrenda. Akasema hapa karibu na jiko ulikauka tangu kiangazi, kwa hivyo yeye amekuwa akiuchuma kule chini, pale ukingoni mwa kile kipande, kando ya barabara, kwa sababu kule hujiotea tu. Ndio tumekuwa tukila mimi na yeye. Ndio huwa anawapikia wajukuu wakija Jumapili.

Karatasi za vipimo vya ule udongo zilikuwa chini ya kitanda changu tangu mwaka jana, na ukuta unaotenganisha chumba changu na jiko lake unaweza kuugonga na kijiko. Sikujua anachuma wapi, hiyo ni kweli, lakini yeye angejuaje asichume, na mimi ndiye nilikuwa na maneno yote nikayaweka ya kuambia watu wa idara. Tuliumwaga ule mrenda. Asubuhi tukaenda naye kule chini, akaung'oa wote kwa mkono wake, nikachukua majani mengine nikapeleka maabara, na majibu bado tunangoja, na wajukuu nao wapelekwe hospitali wapimwe damu, tumeongea na wazazi wao, hiyo simu nilipiga mimi.

Kwa hivyo nimeapa. Mtu akiniuliza kitu siku hizi namweleza chote, hata kama boda inaondoka, hata kama hajauliza vizuri, na nyinyi wenyewe mmeshaanza kunikimbia kwa sababu ya maelezo, naona, kimbieni tu. Kicheko cha hemani nimekizoea. Bango mama amelikata ametengeneza kifuniko cha banda la kuku. Kile sijazoea ni Kukhu siku ile jikoni, baada ya kumwaga mboga, akikung'uta ungo bila hasira yoyote, heri angenitukana.

"Wewe mtoto," akaniambia, "na mimi nilikuwa hapa tu siku zote."